Taa Isiyohesabiwa

Sijapata kumwona mtu mchoyo wa umeme kama Mwalimu. Ukitoka sebuleni kwake kwenda kunawa mikono, ukirudi unakuta giza. Feni aliizima wageni wangali wanaaga. Jiko alilizima dakika kumi kabla wali haujaiva, eti joto lililobaki litamalizia, na mara nyingi halikumalizia. Tuliula hivyo hivyo, una kiini katikati, naye akiutafuna kwa fahari kabisa. Lakini mwanamke huyohuyo alikuwa na kitaa kimoja juu ya kizingiti cha dirisha linalotazama barabarani. Hicho alikiwasha kila siku jua likizama, awe na mgeni asiwe naye, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kukitumia kwa kazi yoyote.

Sisi Waswahili wa Maskati mtu akitajwa tu tunataka kujua ni wa kabila gani, babake alitoka wilaya gani, mamake alizaliwa Unguja au Tabora. Hayo ya Mwalimu nayajua na siyaandiki. Jina lake pia siliandiki, na sababu nitaifikia. Pale mtaani kwetu Al Amerat majirani, watoto wao, hata mwoka mikate, wote walimwita Mwalimu, na yeye hakuitika kwa jingine.

Nilimjua kwa ajili ya mama yangu, Bi Zuwena. Mama alikuwa na miaka hamsini na tisa na hajui kusoma. Utoto wake ulipita Pemba akimuuguza bibi yake, na wenzake walipokwenda chuoni kusoma Kurani yeye alikuwa akichemsha dawa. Sura fupi alizijua kwa kusikia tu. Tulipohamia Oman mambo yakawa mazito zaidi, kwa sababu huku watu wetu wakifiwa hukutana kwa khitma: linaletwa sanduku lenye juzuu thelathini za Kurani, kila mtu anapewa yake, na zikishasomwa zote ndipo dua inaombwa. Mama alikuwa akiliona sanduku tu linaingia mlangoni anasimama na kwenda jikoni kumimina kahawa. Miaka kumi na tano alimimina kahawa. Watu walimsifu kwa ukarimu, na mimi peke yangu nilijua anakimbia.

Alitaka jambo moja tu kabla ya kufa, nalo ni kuushika msahafu na kuusoma mwenyewe. Mimi, msomi wa familia, mwenye meza yangu na simu yangu ofisini Ruwi, nilimnunulia kaseti. Kurani nzima, sauti nzuri, na redio mpya ya kuzichezea. Nikamwambia, "Mama, ya nini kujitesa? Sikiliza tu." Alinishukuru. Aliziweka kaseti juu ya kabati, akazifunika kitambaa, na hakuzigusa. Nimejuta mambo mengi maishani, lakini lile neno "ya nini" bado linanichoma.

Mwalimu alikuwa amestaafu kufundisha skuli. Siku moja alipita nyumba kwa nyumba katika mtaa wetu akitangaza kwamba kuanzia Jumamosi, baada ya Alasiri, atafundisha wanawake watu wazima kusoma, sebuleni kwake. Alitandika mito saba ukutani. Jumamosi ilipofika alikuja mtu mmoja, mama yangu, na yeye alikuja kwa sababu nilimpeleka kwa gari na aliona haya kuniambia nigeuze.

Mama akaitazama mito mitupu. "Mwalimu, wenzangu hawajaja. Bora nije siku wakitimia."

"Wametimia," Mwalimu akasema. "Kaa hapo mwanzo."

Akamfundisha saa nzima, kwa sauti ileile ya kuwafundisha watu arobaini. Alimwonyesha alifu, herufi ya kwanza, mstari mmoja uliosimama, basi. Mama alirudi nyumbani na alifu moja na hasira tele. "Kwa umri wangu huu, alifu moja kwa siku! Nitakufa sijafika jimu." Kesho yake alikuwa amevaa buibui lake kabla mimi sijamaliza chai.

Namna yake ya kufundisha sijaiona kwingine. Kwanza ilifagiliwa sebule. Hata iwe safi kiasi gani, mwanafunzi aliyefika mwanzo alipewa ufagio. Kisha kila mmoja aliulizwa swali moja: "Leo umeongeza nini?" Hakuuliza umesahau nini, na ukianza kumweleza ulichosahau alikuwa akikukata: "Hilo sikukuuliza." Mtu akiwa na herufi moja mpya, au ameweza kusoma nusu ya kibao cha duka barabarani, alisimama na kuisema, na wengine wakampigia vigelegele. Vigelegele kwa herufi moja! Mwanzo niliona ni mzaha. Nilikuwa nikimngoja mama ndani ya gari, nikivisikia, nikicheka peke yangu.

Usidhani alikuwa malaika. Aliyekuwa na subira ya kurudia herufi moja mara mia hakuwa na subira ya kungoja watu wawili mbele yake kwa mwoka mikate. Alikuwa akiwapita, akijidai haoni vizuri. Akikukasirikia alikuita kwa jina lako na la baba yako na la babu yako. Mahamri yake yalihitaji meno ya ujana. Na alikuwa na ulimi wa kutania. Mama alikuwa akiikandamiza penseli kwa nguvu zake zote hata karatasi ikatoboka, na herufi zake zikatokea upande wa pili na kwenye kurasa mbili za chini. Mwalimu alikuwa akiupitisha mkono juu ya daftari na kusema, "Bi Zuwena, hapa unaandika au unalima mhogo?"

"Nnaogopa zisije zikafutika," mama akajibu.

Katika miezi sita mito yote saba ilipata wenyewe. Wa pili alikuwa jirani yetu Bi Shamsa, mwanamke mnene, mcheshi, asiyeweka habari mfukoni. Wengine wakamfuata yeye.

Sasa nirudi kwenye kile kitaa cha dirishani. Ilikuwa majira ya baridi, siku za mvua, Magharibi ikiingia mapema. Darasa lilikuwa limekwisha, mama yuko ndani anatawadha, na Mwalimu kama kawaida yake amezima taa kubwa. Nilikuwa na fomu ya likizo ya kujaza. Nikasogea dirishani, nikaiweka chini ya kile kitaa, nikaanza kuandika. Mwalimu akatoka ndani, akanitazama, akaichukua fomu taratibu mkononi mwangu, akaenda kuwasha taa kubwa.

"Kazi ina taa yake," akasema. "Hiyo ni ya kutazamwa tu."

"Mwalimu, wewe unayezima jiko kabla ya wali kuiva, unawasha taa ya kutazamwa?"

Akacheka mpaka akakaa. Ndipo aliponisimulia. Alikulia Nakuru, na duka la baba yake lilipakana ukuta mmoja na chumba cha mshonaji mmoja wa Kiyahudi, mama mtu mzima aliyekimbia kwao Ulaya wakati wa vita na kubaki peke yake. Mwalimu alikuwa akienda kuokota vitambaa sakafuni kwake. Kila mwaka karibu na mwisho wa Disemba, kwa siku nane, jua likizama yule mama aliwasha mishumaa dirishani: siku ya kwanza mmoja, ya pili miwili, mpaka ikatimia minane. Na muda wote inapowaka cherehani ilinyamaza. Hashoni, hapigi pasi, hata kifungo hatii. Anaitazama tu, mikono mapajani.

"Nikamuuliza, mbona hushoni na mwanga upo? Akasema, mwanga huu si wangu. Huu ni wa kukumbuka." Mwalimu akakitazama kile kitaa. "Sikukuu yenyewe wanaiita Hanuka. Maana yake ni kuifungua upya nyumba ya Mungu. Zamani mfalme aliwaharamishia dini yao, akatia masanamu ndani ya nyumba yao ya ibada. Wachache wakakataa, wakapigana, na Mungu akawapa ushindi. Waliporudi wakaikuta nyumba imejaa uchafu. Wakafanya nini kwanza?"

Nikautazama ufagio ukutani. "Wakafagia."

"Wakafagia. Kisha wakatafuta mafuta safi ya kuwashia taa, wakapata kichupa kimoja, cha siku moja. Na mafuta mengine mpaka yatengenezwe yanataka siku nane."

"Yakawaka siku nane," nikadakia. "Huo ndio muujiza."

"Ngoja, wewe msomi. Yule mama aliniuliza swali nikalala nalo siku nyingi. Mafuta ya siku moja yalikuwepo, sivyo? Basi siku ya kwanza hapakuwa na ajabu yoyote; yalitosha. Ajabu ilianza siku ya pili. Ni siku saba. Kwa nini wanasherehekea nane?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono inachuruzika maji, anasikiliza.

"Kwa sababu ajabu kubwa ni ile ya siku ya kwanza," Mwalimu akasema. "Walijua hayatoshi, na wakawasha. Mtu mwenye akili zake angesema tungoje mafuta yatimie. Wao hawakungoja. Zile saba Mungu alizileta juu ya hiyo moja."

Mama akaingia akijifuta mikono. Nilimwona akiutazama mto wake, ule wa mwanzo, aliokalia peke yake siku ile ya alifu.

Mwalimu alikuwa na mengine aliyoyabeba kutoka chumba kile. Wazee wa dini yao, alisema, walibishana zamani: wapo waliotaka kuanza na taa nane na kupunguza moja kila siku, kama mafuta yanavyopungua, na wapo waliotaka kuanza na moja na kuongeza. Wakafuatwa wa kuongeza. Na pembeni ya zile nane daima huwekwa ya tisa, na hiyo ndiyo ya kuwashia wenzake. Ukihitaji mwanga wa kuokota sindano, tumia mwanga wake. Wanaiita mtumishi, na hawaihesabu. "Mimi nikaipenda hiyo," akasema. "Naswali swala zangu tano, nafunga Ramadhani yangu, mishumaa yao ni ibada yao na siiwashi. Lakini nilipokuwa mtoto niliamua, nikikua nitakuwa ile ya tisa."

Ndiyo maana hakutaka jina lake litajwe. Wanafunzi walipotaka kumshonea kitambaa chenye jina lake cha kutundika sebuleni aliwaambia washone herufi zao wenyewe.

Hadithi nzuri kama ile ungetaraji nikae nayo kwa adabu. Mimi nikaenda nayo kwenye hina ya binamu yangu. Wanawake tumekaa, mikono imepakwa, hakuna la kufanya ila kuzungumza, na mimi napenda kuchekesha watu. Nikatia chumvi. Nikasema Mwalimu wetu, na swala zake zote, anasherehekea sikukuu ya Mayahudi dirishani. Watu wakacheka. Bi Shamsa alikuwepo, na yeye hakucheka.

Yaliyofuata yalikwenda kwa hesabu. Jumamosi walikuja watano badala ya saba. Jumatatu wakaja watatu. Wiki ya pili alibaki mama yangu peke yake, na barabarani wanawake waliokuwa wakipigiana vigelegele kwa herufi walikuwa wakilipita dirisha lile wamegeuza uso. Maneno yalifika mpaka Ruwi. Ofisini nikaulizwa kama ni kweli mama yangu anafundishwa Uyahudi.

Nilimwendea Mwalimu. Nikamwambia kila kitu, chumvi na yote. Nilitaraji ataniita kwa jina langu na la baba na la babu. Hakuniita. Alikwenda ukutani, akachukua ufagio, akanipa.

"Fagia," akasema.

Nikafagia sebule nzima, machozi yananitoka, naye ametandika mito saba ileile kama kwamba wote wanakuja. Mama akafika, akakaa mahali pake pa mwanzo.

"Tunashuka, Mwalimu," mama akasema.

"Wapo wazee waliotaka kushuka, hawakufuatwa," Mwalimu akajibu. "Leo umeongeza nini?"

Na mama yangu, peke yake katika chumba cha mito saba, akasimama akasoma mstari mzima wa msahafu bila kukwama. Mwalimu akapiga kigelegele. Nikapiga na mimi, ufagio mkononi.

Mwalimu hakwenda kwa mtu kujitetea. Nilimsihi aende. Alisema maneno yaliyotoka kinywani hayarudishwi kwa maneno mengine. Kwa miezi minne darasa likawa la mtu mmoja, na sitasema uongo, ilimuumiza. Alikonda, na mahamri aliacha kupika. Lakini kitaa cha dirishani hakikukosa kuwashwa hata jioni moja.

Halafu Bi Shamsa akafiwa na mama yake. Tulikwenda wote, Mwalimu pia, akakaa karibu na mlango mahali ambapo hakuna anayepagombania. Baada ya Alasiri likaletwa sanduku la juzuu. Nilimtazama mama. Nilishaona mkono wake unatafuta sakafu, ule mkono wa kujisukuma kusimama kwenda jikoni. Lakini mkono ukarudi pajani. Msichana aliyekuwa akigawa akampita, kwa mazoea. Mama akamvuta nguo.

"Nipe na mie."

Akapewa ya kumi na moja. Ingekuwa ile ya mwisho, yenye sura fupi anazozijua kwa moyo, nisingeogopa. Ya kumi na moja hakuwa na aya hata moja kichwani. Akaifungua, akaweka kidole, akaanza.

Wengine walimaliza, wakafunga juzuu zao, wakazirudisha sandukuni. Ishirini, ishirini na tano, ishirini na tisa. Chumba kikatulia, ikabaki sauti moja, nzito, inayopanda kila neno kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Na khitma haifungwi mpaka zitimie thelathini. Watu walianza kutazamana. Kahawa ikapoa. Mtu mmoja, kwa wema kabisa, akamwinamia mama akasema, "Bi Zuwena, nipe mie nikumalizie."

Mama hakuinua uso. "Hii yangu," akasema, akarudi kwenye kidole chake.

Chumba kizima kilimngojea mama yangu. Wake za wakubwa, wenye madereva nje, wanawake waliosoma Misri, wote walikaa na kumngojea mwanamke aliyewamiminia kahawa miaka kumi na tano. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, na hata sikujifuta. Ilikaribia adhana ya Magharibi alipofika mwisho. Akafunga, akabusu jalada, akamwambia yule msichana, "Haya, chukua." Dua ikaombwa, na ile "Amina" ya siku ile sijaisikia tena kokote.

Watu walipoanza kuondoka Bi Shamsa alikwenda moja kwa moja mlangoni alipokaa Mwalimu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa msiba, na sauti imekauka.

"Mie juzuu yangu sikuisoma, Mwalimu," akasema. "Nimegeuza karatasi tu. Kwenye khitma ya mama yangu mwenyewe."

Mwalimu akamsogezea nafasi akae.

"Nilisikia unatufundisha mambo ya Mayahudi," Bi Shamsa akasema.

"Nilisimulia kisa. Mfalme aliwataka watu waabudu masanamu, wakakataa, wakasimama na Mola wao. Wewe ungelifanyaje?"

Bi Shamsa akafikiri. "Ningelikataa."

"Basi kisa ndicho hicho. Jumamosi njoo mapema, zamu ya kufagia ni yako."

Jumamosi alikuja na wawili, wiki iliyofuata ikatimia saba, na kabla ya Ramadhani Mwalimu alilazimika kuazima mito kwetu. Mwaka ule walikuwa kumi na wanne. Barabara ya Al Amerat jioni ilikuwa na vigelegele utadhani kuna harusi, na wageni waliopita na magari yao walisimama kuuliza nani anaoa. Mama aliuhitimu msahafu wote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na siku hiyo nilileta haluwa sinia mbili na kaseti zangu zote nikazigawa. Nasema kwa kujivuna, na sioni haya.

Miaka ilikwenda. Sukari ilimla Mwalimu macho, kidogo kidogo, mpaka binti yake akamchukua akaishi naye Sidab. Mara ya mwisho nilipomwona nilikuwa nimempeleka mama, ambaye naye alishapita sabini na anatembea kwa fimbo. Ilikuwa baridi tena, siku za Disemba, na tulivuka milima mama akisoma kwa sauti kila kibao cha barabarani, tabia ambayo hajaiacha na inanichosha sana.

Tulimkuta amekaa kitandani, amejitanda kanga, uso umeelekea dirishani. Pale dirishani palikuwa na kile kitaa, kinawaka, ingawa yeye hakioni. Binti yake alituambia humuuliza kila jioni kama kimewashwa.

"Nani?" akauliza.

"Mie," mama akasema.

"Bi Zuwena, mlima mhogo! Kaa, soma."

Mama akatoa msahafu, akavaa miwani, akasoma. Alisoma vizuri, kwa raha, bila kidole. Mahali fulani Mwalimu akainua mkono: "Rudia." Mama akarudia. "Rudia." Akarudia tena, na safari hii ilikuwa sawa. Kipofu na mgonjwa, na bado kosa dogo la herufi moja halikumpita. Tulicheka wote watatu.

Kisha akauliza, kama nilivyojua atauliza. "Leo umeongeza nini?"

Mama akafungua mkoba wake, akatoa daftari. Sikuwa nimepata kuliona. Alikuwa ameandika majina ya wanawake wote waliojua kusoma kutokana na sebule ile, mstari mmoja jina moja: wale saba wa mwanzo, wale waliowafuata sebuleni, na wale ambao Bi Shamsa aliwafundisha Qantab alikohamia kwa mwanawe, na watano ambao mama mwenyewe amewafundisha jikoni kwetu, na mimi sikujua kama ni darasa, nilidhani wanakuja kunywa chai. Akayasoma moja moja, akianzia mstari wa pili. Mwalimu alikuwa akihesabu kwa vidole, akimaliza mkono anaanza upya.

"Thelathini na tatu," mama akasema.

Mwalimu akakunja uso. "Mimi nimepata thelathini na mbili."

"Hukujihesabu wewe."

"Mimi usinihesabu, Bi Zuwena. Nilishakwambieni."

"Nshakuhesabu," mama akasema. Sijapata kumsikia akimkatalia Mwalimu neno lolote kabla ya siku ile. "Tena wa mwanzo."

Akasogea kitandani, akaushika mkono wa Mwalimu, akakiweka kidole chake juu ya mstari wa kwanza wa daftari. Penseli ya mama ilikuwa imeingia katika karatasi vilevile kama zamani, kwa nguvu zake zote, na jina lilikuwa limechimbika pale. Kidole cha Mwalimu kikasimama. Kikaanza kwenda, kutoka kulia, taratibu, kikiingia kwenye kila herufi na kutoka, mpaka mwisho wa jina lake. Kikarudi mwanzo, kikasoma tena.

"Umeandika," akasema.

Ndiyo sababu mimi sijaliandika hapa. Limekwisha kuandikwa na mama yangu, na mwenyewe amelisoma.